Toki Soba kwa Kiswahili: hesabu imekubali

Kwa aliyechelewa kujiunga: najifunza kutamba hadithi moja ya rakugo, ile sanaa ya Kijapani ambamo mtu mmoja hukaa juu ya mto, amekunja magoti na kukalia visigino, akachekesha ukumbi mzima bila kuinuka. Vifaa ni pepeo la kukunja na kitambaa, basi. Nataka kuitamba kwa Kiswahili nyumbani bila kusimama katikati kutoa maelezo.

Niliyoichagua ni Toki Soba; soba ni aina ya tambi. (Osaka wana ndugu yake, ila huko tambi ni za udon, zilizo nene zaidi.) Tuko Edo, Tokyo ya zamani, usiku. Mjanja anakula kwa mchuuzi wa tambi na kusifia kila kitu: vijiti, bakuli, supu, hata unene wa vipande vya chikuwa, yaani samaki aliyepondwa na kufinyangwa. Bei ni mon 16, sarafu za zamani za huko. Anamwekea mchuuzi sarafu moja moja kiganjani akihesabu kwa sauti, na akifika nane anauliza saa. "Tisa." Anadakia, "Kumi, kumi na moja..." Kalipa 15. Bwege mmoja aliyekuwa akichungulia anagundua mchezo, na kesho yake anatoka mapema kwenda kuujaribu. Naye akifika nane anauliza. "Nne." Anaendelea, "Tano, sita..." Sarafu 20 zimemtoka.

Tatizo lilikuwa hizo saa. Edo walizihesabu kurudi nyuma: katikati ya usiku ni tisa, kisha nane, saba, sita, tano, nne, halafu adhuhuri ni tisa tena. Watambaji wa Tokyo wenyewe huwaeleza wasikilizaji wa leo jambo hili kwenye makura, yale mazungumzo ya kufungulia. Mimi nikianza na somo la saa, shangazi zangu watarudi jikoni.

Kwa hiyo nimehamia kwenye saa zetu. Mjanja anauliza baada ya tano: "Mzee, saa ngapi sasa?" "Saa sita, bwana." "Saba, nane..." Amepona sarafu moja, sawasawa na asili. Bwege ndiye aliyenitesa. Nikimleta saa nne usiku, ambayo kwa bahati inakaribiana na ile nne ya Edo, analipa 17 tu, na hasara ya sarafu moja haimchekeshi mtu. Nikazidi kumvuta nyuma mpaka saa moja. Moja hadi tano, "saa ngapi?", "saa moja", "mbili, tatu..." Hesabu inatoka 20 kamili, kama wanavyoitamba wao! Tena imenipa kichekesho cha bure: giza ndiyo kwanza linaingia, sufuria haijachemka, na jamaa keshasimama pale anahimiza.

Upande wa kula, mkono wa kushoto unashika bakuli lisilokuwepo na pepeo lililofungwa ndiyo vijiti. Unazoa tambi, unazinyanyua, unapuliza mvuke, ndipo unazivuta kwa mlio. Siri nadhani iko machoni: yakipanda na tambi, watu wanaziona, na yakibaki kwa wasikilizaji umeshika pepeo tu. Kwa mjanja mlio ninauvuta mrefu, umenyooka. Bwege anapata tambi zilizoiva kupita kiasi, kwa hiyo mlio unakatika katika na shavu linatafuna muda mrefu kuliko inavyostahili. Bakuli lake lina mapengo mdomoni, hivyo analizungusha kutafuta pa kunywea. Kipande hiki ndicho ninachokipenda kuliko vyote, nami naogopa kukirefusha.

Magoti bado. Nikifika kwenye kulipa, ganzi imeshapanda mpaka mapajani, na pale ndipo sauti inatakiwa itulie.

Kinachofuata ni kupunguza sifa za mjanja. Zikizidi, msikilizaji anashtukia mapema kwamba kuna wizi unakuja. Zikipungua, bwege anakosa cha kuiga. Kwa sasa nimebakiza vijiti, supu na chikuwa, bakuli nalipitia kwa neno moja.