Bolti ya Morogoro

Mjomba wangu alikuwa amestaafu Idara ya Wanyamapori, macho ya kusomea yameshaanza kumgomea na miwani hataki hata kuisikia. Ndiyo sababu Jumamosi ile alinipitia nyumbani twende wote Upanga kutazama bunduki. Kazi yangu ilikuwa kusoma namba na kunyamaza.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Muuzaji alikuwa mzee mmoja mstaarabu, mwindaji wa siku nyingi, ambaye daktari alikuwa amempiga marufuku kufyatua bunduki kubwa kwa sababu ya bega. Alikuwa anauza BRNO ZKK 602 ya risasi za .375, iliyotengenezwa Czechoslovakia enzi nchi hiyo ikiitwa hivyo. Watu wa porini hawahitaji kusifiwa bunduki hiyo. Kwa nyati huku kwetu hesabu huanzia .375, ukienda na ndogo zaidi unajitafutia makubwa, na sheria nayo haikuruhusu.

Tuliamkia, tukakaribishwa chai. Bunduki ilikuwa imelazwa mezani juu ya kanga kuukuu, inang'aa, mbao yake nyekundunyekundu imepakwa mafuta. Mimi macho yote kwenye bunduki. Mjomba hata hakuiangalia.

"Mzee mwenzangu," alisema, "tuanze na karatasi. Chuma kipo tu."

Ikaletwa leseni. Nilisoma jina la mwenye mali, aina ya bunduki, ukubwa wa risasi, kisha namba, tarakimu moja moja, huku Mjomba akifuatisha kwa kidole kwenye chuma cha bunduki kana kwamba anaona. Zilikubaliana. Alichotaka kujua kabla ya yote ni kama yule mzee yuko tayari kwenda naye polisi. Leseni ni ya mtu. Hainunuliwi pamoja na bunduki. Mnunuzi anaomba yake, anachunguzwa, na mpaka ruhusa itoke bunduki haiondoki kwa mwenyewe. Siku hizi tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, lakini hata kabla yake muuzaji aliyekwambia "chukua tu, mengine tutamalizana" ulikuwa unamuaga hapo hapo. Huyu wetu alijibu, "Jumatatu asubuhi tukitaka." Mjomba ndipo akanywa chai.

Bolti, kile chuma cha kufunga risasi nyuma ya mtutu, haikuwa kwenye bunduki. Mzee alikwenda chumbani akarudi na kopo la biskuti, na ndani yake bolti imeviringishwa kitambaa, imejaa grisi. Alikuwa na wajukuu, kwa hiyo bunduki aliiweka kwenye kabati la chuma na bolti mahali pengine. Mjomba alimsifia sana kwa hilo.

Kabla ya lolote alitia kidole chemba, pale risasi inapokaa, kuhakikisha hakuna kitu. Mimi nilishangaa, maana bunduki isiyo na bolti itafyatuka vipi? Hakunijibu. Alipitisha kitambaa kikavu ndani ya mtutu kuondoa mafuta, akielekeza mdomo wa mtutu dirishani, akanipa nitazame kwa nyuma.

"Unaona nini?"

Niliona mifereji inazunguka kwenda mbele, safi, inang'aa mpaka mwisho. Akauliza kama kuna vidoa vyeusi. Hakuna. Kuna pete? Pete gani? Akanieleza: mtutu uliowahi kupigwa ukiwa umeziba, kwa tope au kitambaa kilichosahaulika, huvimba kidogo, na kwa nje unaweza usijue. Kwa ndani mwanga unapopita unaona kivuli cha duara, kama pete, mahali pamoja tu. Ukikiona, shukuru kwa chai uende zako. Vidoa navyo vina historia yake. Risasi nyingi za zamani fataki zake, zile za kuwashia baruti, ziliacha chumvi ndani ya mtutu, na chumvi kwa hewa ya Dar es Salaam, bahari iko pale, siku chache tu bila kusafishwa zinatosha kuleta kutu.

Halafu akachukua pamba, akaizungusha taratibu kwenye ukingo wa mdomo wa mtutu. Haikunasa popote. Pamba ikinasa, ukingo umeumia, na risasi ikitoka hapo inapinda hata kama ndani pote ni pazuri.

Kwenye mbao ndiko alikokaa zaidi. Aliomba bisibisi, na mzee akampa bila kusita, jambo ambalo nadhani lilimfurahisha kuliko mtutu. Vichwa vya skrubu vilikuwa vizima, havijachongwachongwa na mafundi wa kubahatisha. Chuma kilipoinuliwa, nyuma kabisa, pale mbao inapokutana na mkia wa chuma, kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Bunduki za .375 zinapiga teke, na teke hilo huishia pale. Mimi nikadhani biashara imekufa. Mjomba alichangamka. Ufa wa namna ile fundi anauziba kwa gundi na kipini, na muuzaji sasa anajua kuwa umeuona.

Akarudisha kila kitu, akatia bolti, akajaribu kitufe cha usalama. Kwenye hizi ZKK za zamani kinafanya kazi kinyume na bunduki nyingi: mbele ni salama, nyuma ni kupiga, na mgeni asiyejua anaweza kuua mtu. Alikiweka kwenye usalama, akavuta kifyatulio, akaachia, kisha akakirudisha kwenye kupiga. Kimya. Kungelia "ta!" wakati ule tungekuwa na ugomvi.

Mwisho alitoa bolti aifute grisi atazame meno yake na kucha inayotoa ganda. "Soma namba," akaniambia.

Nikasoma. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Haikuwa namba ya kwenye leseni.

Chumba kilipoa. Mzee alichukua bolti, akaipeleka dirishani, akaisoma mwenyewe. Mjomba akamuuliza kwa upole, "Ulikuwa na ZKK nyingine?"

Alikuwa nayo. ZKK 602 vilevile, ila ya .458, na alikuwa ameiuza mwaka wa nyuma kwa rafiki yake wa Morogoro. Bolti zote mbili zilikaa kopo moja. Risasi hizo mbili kitako ni kimoja, kwa hiyo bolti inaingia na kufunga bila kulalamika. Lakini kila bolti hupimwa na mtutu wake, na nafasi kati yake na risasi ikizidi, ganda linaweza kupasuka usoni mwa mpigaji.

Morogoro ilipigwa simu palepale. Ikasikika sauti ikiguna, kisha: "Ngoja nivae miwani." Baada ya muda, "Eh bwana wee!" Kwa bahati alikuwa hajapiga hata risasi moja tangu ainunue.

Ilikubaliwa aje Dar yeye mwenyewe na bunduki yake na leseni yake, asitume bolti kwa dereva wa basi, na zote mbili zipelekwe kwa fundi mwenye kibali azipime kwa geji kila moja ikiwa na bolti yake. Zilipita. Mzee akataka kupandisha bei, eti sasa bunduki imethibitishwa. Mjomba akamwonyesha ufa. Bei wakaimaliza haraka kuliko nilivyotegemea. Kilichowachelewesha ni nauli ya yule wa Morogoro, wazee watatu barazani Upanga wakibishana hadi adhuhuri nani ailipe.