Nilivyopata lenzi pana ya zamani kwa kamera yangu ya 4×5

Kwa miaka miwili kamera yangu ya filamu ya inchi 4×5 ilikuwa na lenzi moja tu, ya milimita 150. Ni lenzi nzuri, sina ugomvi nayo. Lakini mimi napenda majengo, na majengo mengi marefu yamebanwa na majengo mengine. Ukiinua kamera ili upate kilele, kuta zinaanza kuinamiana kama zinazotaka kuanguka kwa nyuma. Dawa yake ni kuiacha kamera wima kabisa na kupandisha lenzi peke yake. Kwa ile 150 nilikuwa narudi nyuma mpaka mgongo ugonge ukuta wa upande wa pili, na bado kilele kinabaki nje ya picha.

Nilihitaji milimita 90, lenzi inayochukua eneo pana zaidi. Mpya sikuiweza, kwa hiyo nikaanza kutafuta iliyotumika.

Ya kwanza kunivutia ilikuwa Angulon ya kampuni ya Schneider, f/6.8 (namba ya f ni kipimo cha tundu linalopitisha mwanga: ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Ndogo, nyepesi, unaitia mfukoni ukaisahau, na bei yake ilikuwa chini kuliko zote nilizoziona. Jina linafanana na Super-Angulon, lenzi nyingine ya Schneider ya f/8, milimita ni zilezile 90, tena tundu lake ni kubwa kidogo kuliko la hiyo. Nilikuwa nimeshaanza kumwandikia muuzaji. Kilichonizuia ni penseli na karatasi.

Kila lenzi hutupa nyuma yake picha ya duara, na filamu inatakiwa ikae ndani ya duara hilo. Eneo linalopigwa picha kwenye filamu ya 4×5 ni kama milimita 96 kwa 120, na ukilipima kona kwa kona unapata karibu 154. Duara la Angulon ya 90, ukifunga tundu lake hadi f/16, nalo ni karibu 154. Maana yake filamu inaenea, kona zake zinagusa ukingo, na hakuna nafasi ya kupandisha lenzi hata milimita moja. Kwa mpiga mandhari anayetembea siku nzima na mzigo mgongoni, hiyo ni lenzi ya kuheshimika sana. Kwangu ingekuwa pesa iliyopotea.

Super-Angulon ya f/8 ina duara la milimita 216. Nilichora tena: filamu ikisimama wima, naweza kupandisha lenzi kama milimita 36 kabla kona za juu hazijaingia giza. Milimita 36 ukizitamka hazitishi mtu. Lakini kwa lenzi ya 90, ukisimama mita 20 kutoka kwenye jengo, ni zaidi ya mita saba ambazo zinaingia kwenye picha kwa juu bila kamera kuinama. Tangu nilipoona hesabu hiyo, swali langu la kwanza kwa lenzi pana yoyote ni ukubwa wa duara. Habari ya tundu na sura ya nje baadaye.

Kuna nyingine zinazofaa. Grandagon ya Rodenstock ya f/6.8 ina duara la 221, na Nikkor-SW ya f/8 inafika 235, ambalo kwa lenzi ndogo kiasi kile ni jambo la kushangaza. Super-Angulon ya f/5.6 nayo inafika 235, lakini ni nzito na inataka filta kubwa. Nikashikilia f/8 ya Schneider kwa sababu zilitengenezwa nyingi, na kitu kilichotengenezwa kwa wingi unaweza kukichagua kwa utulivu.

Niliyoipata ilikuwa na namba ya utengenezaji inayoanzia milioni 12, kwa hiyo ni ya miaka ya 1970, na ilikaa kwenye shata, yaani kifaa kinachofungua na kufunga njia ya mwanga, ya Synchro-Compur ya ukubwa namba 0. Namba ya shata niliiulizia makusudi: baadhi ya f/8 za mwanzo ziko kwenye namba 00, na vipande vyake vya kioo haviingii kwenye namba 0 ukitaka kubadilisha shata siku moja. Muuzaji alikuwa mkweli. Aliandika kwamba ndani ya lenzi, pembezoni, kuna vitone vyeupe vingi, na kwamba ameshusha bei kwa ajili hiyo.

Vitone hivyo vinajulikana sana kwenye lenzi za Schneider, hata vimepewa jina la utani, Schneideritis. Ni rangi nyeusi iliyopakwa kwenye kingo za ndani ili kunyonya mwanga. Ikizeeka inaachia mahali na kuonekana kama chembe za chumvi zilizopangwa mduara. Kwa macho vinatisha. Kwenye picha, mara nyingi hutaona tofauti yoyote. Wanunuzi wengine walikuwa wanaikwepa lenzi ile kwa sababu ya chumvi hiyo, na mimi nilikuwa naogopa mambo matatu tofauti kabisa: kuvu, utando, na gundi iliyoachana. Lenzi hii ina vioo sita katika makundi manne, maana yake baadhi vimegandishwa pamoja. Gundi ikianza kuachia, unaona ukingoni mwa kioo rangi za upinde wa mvua, kama mafuta juu ya maji, na hilo si jambo la kufuta kwa kitambaa.

Nikamwandikia: "Ndugu, samahani kwa usumbufu. Naomba ufungue shata kwenye T ili ibaki wazi, ufungue tundu lote, kisha umulike tochi kutoka nyuma kwa pembeni, unipigie picha kutokea mbele. Halafu geuza, unipigie kutokea nyuma." Tochi ya moja kwa moja inaficha mengi, ya pembeni ndiyo inayowasha utando na nyuzi za kuvu. Picha zilikuja siku ileile. Vitone vyeupe vilikuwepo kama alivyosema, vumbi kidogo, hakuna utando, hakuna nyuzi, hakuna upinde wa mvua.

Ombi la pili lilikuwa la shata. Nilimwomba aweke simu karibu na lenzi, arekodi sauti, apige sekunde 1, nusu, robo, kushuka hadi 1/15. Nilifungua sauti ile kwenye programu ya kuhariri, na pale mlio wa kufunguka na mlio wa kufunga unaviona kama vilima viwili. Unapima umbali kati yao. Sekunde 1 ilikuwa inachukua 1.6. Nusu sekunde ilikuwa 0.7. Kuanzia 1/8 ilikuwa karibu na ukweli. Hii ndiyo hali ya kawaida ya shata ya umri huo ambayo mafuta yake yamekauka, na kwangu ilikuwa nzito kuliko vitone vyote, kwa sababu majengo napiga kwenye f/22 na muda wangu mwingi uko hukohuko kwenye sekunde na nusu sekunde. Kasi ya 1/500 hata sikuiuliza. Nilimtumia vipimo vyangu, nikamwomba apunguze gharama ya kusafisha shata. Akakubali bila maneno mengi.

Ilipofika, kabla ya kuipeleka kwa fundi, nilizungusha kipande cha mbele kukitoa. Kitu chembamba kama ukucha kikadondoka mezani. Ilikuwa pete ya shaba, nyembamba kuliko kadi, iliyokaa kati ya kipande cha mbele na shata. Mtu asiyejua angedhani ni uchafu. Kazi yake ni kuweka umbali sahihi kati ya vipande viwili vya lenzi, na ikipotea, makali ya picha yanaweza kuharibika huku kila kitu kikionekana kizima kwa nje. Niliiweka kwenye bahasha, nikaandika juu yake, na nikamkabidhi fundi mkononi. Nilimwomba pia asiguse kabisa kile kiwiko cha V, cha kuchelewesha shata ili mpiga picha naye aingie kwenye picha, maana kwenye Compur za zamani kinapenda kukwama na kuifunga shata nzima. Shata iliporudi nilirekodi tena: sekunde 1 ilikuwa 1.05.

Nilidhani kazi imeisha. Lenzi ya 90 inataka kukaa karibu sana na filamu, sentimita kama kumi tu, na mvukuto wangu wa kawaida, ule mkunjo unaounganisha lenzi na sehemu ya filamu, ukibanwa kiasi hicho unakuwa mgumu kama ubao. Lenzi ikisogezwa hadi inapolenga vitu vya mbali kabisa, haipandi tena zaidi ya milimita chache. Nilikuwa nimelipia duara la 216 na siwezi kulitumia. Nikanunua mvukuto wa mfuko, ule laini unaolegea kama begi la nguo, na ndipo lenzi ikawa huru. Ningeanza upya, ningeweka gharama hiyo kwenye hesabu tangu siku ya kwanza.

Jambo jingine ni giza. Kwenye f/8, kioo cha kulengea, kile cha nyuma ninachotazamia picha kabla ya kupiga, kina nusu ya mwanga niliouzoea kwenye 150 yangu ya f/5.6, na kona zake zinakaribia kuwa nyeusi. Nimejifunza kujifunika kitambaa, kuhesabu polepole hadi sitini ili macho yazoee, kisha kusogeza kichwa na kuitazama kona kwa mshazari, nikiifuata njia ambayo mwanga unajia.

Siku ya kwanza nilikwenda kwenye mnara uleule ulionishinda kwa miaka miwili. Nilisawazisha kamera, nikapandisha lenzi milimita 30, nikafunga tundu hadi f/22. Kioo changu cha kulengea kimekatwa pembe kidogo, na katika ufa huo wa pembe unaweza kuchungulia hadi kwenye lenzi. Ukiona tundu zima, la mviringo, kona hiyo ina picha. Ukiona limebanwa kama jicho linalosinzia, umepita mpaka. Nilichungulia pembe zote mbili za chini, kwa kuwa picha kwenye kioo iko juu chini na anga linakaa hukohuko. Tundu lilikuwa kamili, dogo na jeupe. Nikapiga kwa nusu sekunde.

Negativu ilipokauka niliiinua dirishani. Kona za anga zilikuwa hafifu kuliko katikati, jambo ambalo lenzi pana hufanya kwa maumbile yake, na filamu nyeusi na nyeupe inalivumilia. Wakati wa kuchapa nilizirekebisha kwa mkono. Kuta zilisimama wima pande zote mbili. Na juu ya kilele cha mnara kulikuwa na anga, upana wa kidole kimoja.