Huna marehemu huku

Nimetoka zamu ya nyumba ya wazee alfajiri, nimelala, nimeamka, nimesonga ugali, na bado maneno ya Mzee wa dirishani yananizunguka kichwani. Mnamfahamu, nimeshamwandika sana humu: yule asiyegusa chai ya asubuhi mpaka Midwest Radio, redio ya hapa mkoani Mayo, Ireland, imalize kusoma matangazo ya vifo.

Siku hizi masikio yamemchoka, kwa hiyo redio ni mimi. Nachukua tableti ya ofisini, nafungua RIP.ie, tovuti ya matangazo ya vifo, nachagua Mayo, namsomea. Jina, kijiji alichozaliwa, kijiji alichoolewa, amefia wapi, wafiwa kwa mpangilio wao, mwili utaagwa saa ngapi, misa lini, makaburi gani, na mwisho kiungo cha kufuatilia misa mtandaoni kwa walio mbali. Anasikiliza amefumba macho. Wengine anawapigia ishara ya msalaba. Wengine anawatolea ushahidi: "Baba yake alimuuzia baba yangu ndama mgonjwa."

Jumatano matangazo yalikuwa machache na yote ya upande wa mbali wa mkoa, watu asiowajua. Nikamwambia, "Leo hakuna mtu, Mzee." (Namwita Mzee kwa Kiswahili, ameshalizoea kuliko jina lake.)

Akafumbua jicho moja. "Hakuna kwako," akasema. "Wewe huna marehemu huku."

Nikajibu, "Bado."

Akacheka mpaka akapaliwa. Nikamwinua, nikamnywesha maji, nikamfuta kidevu, nikaenda chumba kinachofuata. Hayo tu, hakuna zaidi.

Sasa niambieni kwa nini hayo tu yamekataa kutoka. Wiki yenyewe, hii ya Oktoba 2025, haikuwa ndogo: Dublin watu wamefanya vurugu nje ya hoteli ya Citywest wanakokaa waomba hifadhi na gari la polisi likateketea, Ijumaa wenye nchi wakapiga kura, Jumamosi Catherine Connolly wa Galway akatangazwa rais kwa zaidi ya asilimia 60, Neema kang'olewa jino. Na mimi katikati ya yote hayo nimekaa na jicho moja la mzee lililofumbuliwa.

Lingetoka kwa kijana aliyejifunika uso mbele ya ile hoteli, ningejua pa kuliweka. Kwake sijui. Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu anayekwambia huna mwavuli na mvua inakuja. Na ndiyo maana linachoma: alikuwa anaeleza hali ilivyo. Kwao mtu wa mahali ni mtu mwenye kaburi la kupalilia. Uraia, karatasi, kura, hayo yanakuja nyuma. (Kura za madiwani za 2024 nilipiga, ukaazi unatosha. Ya rais ni ya raia peke yao.)

Baba Neema anasema nimelitafuna mno. Anasema mzee alikuwa anatania, nami nilimjibu vizuri, mbona mpaka akacheka. Lakini ni jibu gani lile? Bado. Bado nini, namsubiri nani afe? Nikajisikiliza upya: huenda nilimaanisha yeye. Huenda yeye alisikia hivyo hivyo, na ndicho kilichomchekesha.

Niseme kitu kuhusu watu hawa na misiba yao, maana ndugu zangu wa nyumbani mnadhani Wazungu wanazikana kimyakimya. Si huku. Mtu akifa Jumatatu, Jumatano au Alhamisi yuko kaburini, na katikati hapo kijiji kizima kimepita kushika mikono ya wafiwa, na sandwichi zimeliwa mlima. Usipofika, unakumbukwa. Mayo hawajachukua ubingwa wa Ireland wa mpira wa Kigaeli tangu 1951, na ukiuliza sababu utaambiwa ile timu ya 1951 ilipokuwa inarudi na kombe ilipita Foxford ikishangilia, ikapishana na mazishi, isisimame. Eti padri akawalaani: hamtashinda tena mpaka wachezaji wote wa timu hii wafe. Wa mwisho wao, Paddy Prendergast, alifariki 2021. Kombe halijaja bado. Mzee anasema laana ya padri ina muda wake wa matazamio.

Ndiyo maana tangazo la kifo huku ni habari kuu kuliko habari. RIP.ie ilianza 2005, na leo ndiyo ukurasa ambao wenzangu kazini wanaufungua kabla ya hali ya hewa. Wakati wa korona, waombolezaji waliporuhusiwa kuwa 10 tu kanisani, watu walikuwa wakiandika pole zao humo na kusimama kando ya barabara jeneza likipita. Ofisi ya takwimu ya taifa yenyewe ikawa inahesabu vifo kupitia RIP.ie, kwa sababu familia zinaweza kuchukua miezi mitatu kusajili kifo serikalini lakini kwenye tangazo hazichelewi hata siku. Mwaka 2024 kampuni ya The Irish Times iliinunua, na Januari 2025 tangazo moja likawa yuro 100. "Siku hizi kufa kuna kiingilio," anasema Mzee.

Anaiamini redio yake hata hivyo, kwa namna ambayo RTÉ, shirika la utangazaji la taifa, haiambulii tena. Tangu 2023 yalipofichuka yale malipo ya siri kwa mtangazaji wao mkubwa, yuro 345,000, wengi waligoma kulipa leseni ya televisheni ya yuro 160, serikali ikaishia kuahidi shirika milioni 725 kwa miaka mitatu. Mwaka huo wa 2023 wakazima pia masafa yao marefu ya redio, yaliyokuwa yanawafikia wazee wa Kiairishi walioko Uingereza. Watumie intaneti, wakaambiwa.

Sasa wiki hii, siku chache kabla ya kura, kijana wa jikoni akaja mbio na simu. Taarifa ya habari ya RTÉ, watangazaji wale wale tunaowajua, sauti zile zile, Connolly anasema anajitoa. Ilikuwa ya uongo, imetengenezwa kwa akili mnemba. Lakini kabla hatujajua, nilimpelekea Mzee habari. Hata hakuguna. "Midwest wamesema?" Nikamwambia hapana. "Basi hajajitoa."

Nilicheka, kisha nikamkumbuka babu yangu Korogwe. Saa ya matangazo ya vifo ya Radio Tanzania hatukuruhusiwa hata kuburuta kigoda. Fulani bin fulani wa Muheza anasikitika kutangaza kifo cha mama yake mzazi, habari ziwafikie fulani wa Tabora, fulani wa Mwadui, na ndugu na jamaa popote walipo. Babu alikuwa anasikiliza kwa kufumba macho vilevile. Leo shangazi akifa habari inanifikia kwenye grupu la WhatsApp, picha yake ina fremu ya maua, na chini yake tayari orodha ya michango. Mazishi yake niliyaona kwenye simu, ndani ya gari, kwenye maegesho ya kazini, na aliyeshika kamera alikuwa anatuonyesha zaidi mgongo wa mchungaji. Kisha nikavaa glovu nikaingia zamu.

Kwa hiyo ni kweli. Marehemu wangu wako kwetu, na hakuna aliyewasoma huku.

Niliandika mpaka hapo nikataka kufunga. Halafu nikakumbuka bibi wa chumba cha karibu na kanisa dogo, Februari.

Alikata roho usiku, mimi na dada mmoja wa Kerala, India, tukiwa zamu. Daktari alipothibitisha, dada akafungua dirisha, wenyeji wanasema roho ipate njia, na baridi ile ikaingia yote. Tukamwosha. Nilimchana nywele upande aliokuwa anaupenda, kulia, maana kushoto alisema kunamfanya afanane na mama mkwe wake. Nikamvika rozari vidoleni. Asubuhi mwanawe wa kiume alipofika kutoka Dublin alimkuta mama yake, hakumkuta maiti.

Siku ya pili yake nikamsomea Mzee tangazo. Jina, kijiji, kisha lile fungu ambalo wanaliweka karibu kila mara: amefariki kwa amani, akiwa katika uangalizi mwema wa wafanyakazi wa nyumba ya wazee. Nililisoma kama ninavyosoma mengine, haraka. Wafanyakazi ni mimi! Mimi na yule dada. Nimetajwa kwenye RIP.ie mara nyingi kuliko padri, bila jina, tena sasa kwa yuro 100 kila mara. Huna marehemu huku, ananiambia mimi, niliyewafumba macho majirani zake nusu ya wale anaowapigia ishara ya msalaba.

Nimejikuta nacheka peke yangu jikoni mpaka Neema, na shavu lake limevimba, akaja kuuliza kuna nini. Nikamwambia kuna mzee nitamjibu Jumatatu. Sijui kama nitamjibu. Pengine yeye anajua hayo yote tangu Februari, ana kichwa kizuri kuliko mimi. Pengine alitaka tu nisome upya, polepole, na matangazo ya upande wa mbali pia.

Gari lina ukaguzi Alhamisi, na taa ya breki ya kushoto imeanza kuwaka ikipenda. Fundi wetu hapokei simu, nadhani amefunga kwa hizi likizo za shule. Kama kuna anayemjua mwingine upande wa Castlebar asiyepiga bei ya mgeni, niandikieni.