Freni za karavani: tulianzia kwenye gurudumu

Karavani yetu, chumba cha kulala chenye magurudumu kinachovutwa na gari, tuliinunua hapa hapa Lubumbashi, kwa mtu aliyekuwa anahama. Ilitoka Afrika Kusini ikapitia Kasumbalesa, ina ekseli moja, na kibati chake cha uzito kimeandikwa kilo 1,200. Naitaka kwa ajili ya shamba, barabara ya Likasi. Mvua za Novemba zikishika, mahindi hayangoji mtu arudi mjini kulala.

Muuzaji alituonyesha freni kwa kuvuta mkono wa freni tu. Ukakaza kwenye jino la tatu, ngumu kabisa. Tukaridhika, tukalipa.

Siku ya kuileta nyumbani Bel-Air nilishika usukani mwenyewe. Nikakanyaga freni taratibu nyuma ya lori lililobeba mabamba ya shaba. Gari likaanza kutii, halafu nikasikia kitu kinanisukuma mgongoni, karavani inachezesha mkia. Tulisimama zikiwa zimebaki hatua mbili tatu. Tulipofika, nikataka kuiingiza uani kinyumenyume: magurudumu yakakaza, hayataki. Mbele haishiki, nyuma inakaza! Usiku huo nilikuwa nawaza watoto waliokaa kiti cha nyuma.

Karavani ya aina hii haipokei mafuta ya freni wala umeme wa freni kutoka kwenye gari. Gari likipunguza mwendo, karavani inaendelea kuja kwa uzito wake na kusukuma kichwa cha kufungia kirudi nyuma. Msukumo huo unavuta chuma kirefu kilicho chini ya sakafu, chuma kinavuta kable mbili, na kable zinatanua garnitiri (bitana za freni) ndani ya tambura (ngoma ya chuma inayozunguka na gurudumu). Sasa mtu mvivu, garnitiri zikiisha, anakaza nati ya kile chuma kirefu. Mkono wa freni unakuwa mgumu, mnunuzi anafurahi, na magurudumuni hakuna kitu. Tena kable zikivutwa hivyo muda wote, ile hila inayoachia garnitiri wakati wa kurudi nyuma haipati nafasi ya kufanya kazi. Ndiyo maana uani ilikataa.

Kijana fundi wa mtaani kwetu alikuja Jumamosi. Akainama, akaangalia, akasema: "Mama, tukaze hapa mbele kidogo, itashika."

"Hapana, mwanangu. Kwanza tulegeze zote."

Tukaweka mawe kwenye gurudumu la kulia, kriki (jeki) chini ya ekseli (si chini ya sakafu, itapasuka), tukaachia mkono wa freni na kulegeza kable mpaka zikaning'inia. Tambura la kushoto lilipotoka, harufu ilitangulia. Garnitiri zilikuwa nyeusi, zinang'aa kama ngozi ya kiatu kilichopigwa rangi. Nikapitisha kidole: gresi. Mpira unaozuia gresi ya rulema (beringi ya gurudumu) ulikuwa umekatika upande mmoja, gresi imetiririka ndani. Vumbi la freni hatukulipuliza kwa mdomo, maana garnitiri za zamani zinaweza kuwa na asbesto. Tulipangusa kwa kitambaa kilicholowa, tukakitupa.

Fundi alitaka kuziosha kwa petroli na kuzipiga msasa. Nilikataa, na bado naona nilikuwa na haki. Petroli inasafisha uso tu; ukifika mteremko na joto likapanda, gresi iliyonywewa ndani inatoka tena. Tulinunua garnitiri mpya za pande zote mbili, maana upande mmoja mpya na mwingine mzee ni kuitafutia karavani sababu ya kuvuta upande. Mpira pia mpya.

Kurekebisha kwenyewe kulichukua muda mfupi. Unazungusha gurudumu kuelekea mbele tu, kamwe si nyuma, huku unakaza bulo (bolti) ya kurekebishia iliyo mgongoni mwa sahani ya freni mpaka gurudumu likatae. Halafu unalegeza kidogo kidogo mpaka lizunguke huru. Pande zote mbili zikiwa sawa, ndipo unavuta kable ziondoke ulegevu, na chuma kirefu kinakuja mwisho kabisa. Binti yangu alishika mkono wa freni akawa anahesabu meno kwa sauti, mimi nimelala chini nikiangalia ile pau inayogawa kable mbili. Mara ya kwanza ilikwenda upande. Tukarudia, ikanyooka.

Jumapili tulitoka nayo kidogo barabara ya Likasi. Niliposimama niligusa katikati ya kila gurudumu kwa mgongo wa mkono: vuguvugu, kushoto na kulia sawasawa. Baada ya kilomita 50 nilikaza tena bulo za magurudumu. Mbili zilikuwa zimelegea.

Kilichobaki ni mlango. Uko kushoto, kwa sababu Afrika Kusini wanaendesha kushoto, na huku kwetu unafungukia upande wa malori. Nimewaambia watoto: pembeni mwa barabara hakuna anayeshuka mpaka mama afungue.