Kila mgomba na aliyeutoa

Mdogo wangu kajifungua, na nyumba yake ya Kimara sasa hivi inanuka mtori kuanzia getini. Mama mkubwa kashuka na basi kutoka Marangu akiwa na mkungu wa mshare, ndizi ya kupika ya Uchagani, ndani ya kiroba, kana kwamba Dar es Salaam hakuna ndizi. Nikamwambia pale Mabibo, kwenye soko la Mahakama ya Ndizi, malori ya Moshi yanashusha mikungu kila uchao. Akanitazama juu mpaka chini.

"Za Mabibo unajua zimetoka kwa nani?"

Kwa mtu aliyekulia kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani la Wachaga, swali hilo lina maana yake. Mshare hauna mbegu. Unachimba mtoto wa mgomba pembeni ya mama yake, unampa mtu, naye anakwenda kumfukia kwake na kumtupia samadi. Basi kwenye kihamba chetu hakuna shina lisilo na mwenyewe. Lile la karibu na zizi lilitoka kwa shangazi aliyeolewa Kilema. Yale ya chini ya mti wa mruka aliyaleta jirani wa ng'ambo ya mfongo, mfereji wa maji ya shamba, baada ya wazee kumaliza ugomvi wa zamu ya maji. La nyuma ya jiko bibi alikuja nalo alipoolewa, na kwa kuwa mgomba huzaa mgomba uleule, ndizi tunazokula leo ni zilezile alizomenya yeye.

Mama mkubwa huyasema haya huku kisu kinakwenda. "Hizi za shangazi yako zina utomvu, paka mafuta mikononi." Kila anayoimaliza anaitumbukiza kwenye maji isigeuke nyeusi. Mbavu za ng'ombe zilikwishatangulia jikoni na kitunguu, zikachemka mpaka nyama ikaanza kuachia mfupa. Ndizi zikaingia, zikaiva, mifupa ikatolewa, kikafuata kipekecho. Niliposogeza blenda akaisukuma kando bila hata kuniangalia. Namuunga mkono. Mtori wa blenda unakuwa gundi, na ule wa migahawani uliojazwa karoti, hoho na pilipili manga ni supu nyingine kabisa. Wautafutie jina lake. Wa mzazi unataka chumvi ya kiasi, maziwa kidogo mwishoni, na uwe mwepesi wa kunywewa kwenye kikombe.

Mwaka 2011 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, iliingiza kihamba cha Shimbwe Juu kwenye orodha ya urithi wa kilimo duniani, kwa sababu ya namna miti mirefu, migomba, kahawa, magimbi na maharage vinavyopandwa ghorofa juu ya ghorofa, na ng'ombe wa zizini akila majani ya hapohapo na kurudisha samadi. Sifa inastahili. Ila ukisoma habari za Kilimanjaro utakuta kahawa imesemwa sana: wamisionari wa Kilema, chama cha ushirika cha KNCU cha mwaka 1933, bei kupanda, bei kuanguka. Kahawa ilikuwa ya baba. Ndizi ilikuwa ya mama, na mama hakuwa na daftari la chama cha ushirika. Hesabu zake za nani kampa nani alizibeba kichwani, ndiyo maana zinasikika jikoni tu, mtu akiwa na kisu mkononi.

Siku ya pili akaingia mama mkwe wa mdogo wangu, kutoka Muleba, Kagera. Nilijiandaa kwa vita vya jiko, maana Mhaya na Mchaga kila mmoja anaamini ndizi ni yake na mwingine anaazima. Walianza hivyo kweli. Mkwe aliuonja mtori, akasema ni mtamu, kisha akauliza kwa upole wote kwa nini ndizi nzuri namna hii imepondwapondwa badala ya kupikwa nzima na maharage. Mama mkubwa akajibu kwamba mzazi hatafuni, anakunywa.

Kilichowapatanisha ni ugonjwa. Mkwe akaeleza jinsi mnyauko bakteria ulivyoingia Kagera mwaka 2006: ndizi zinaiva kabla ya wakati, ukikata ndani usaha wa manjano. Nyuki na wadudu wengine wanaubeba kwenye ua, panga linaubeba kutoka shina hadi shina. Kwa hiyo lile ua la chini ya mkungu wanalivunja kwa kijiti chenye panda, si kwa panga, na panga lenyewe linapitishwa motoni. Mama mkubwa akauliza urefu wa kijiti. Naye akatoa yake: mnyauko wa kwetu ni wa fangasi, unakaa udongoni miaka na miaka, na unaouonea ni mshare. Unasafiri na mtoto wa mgomba na udongo wa jembe.

Hapo nikaelewa kwa nini siku hizi hata mashangazi hawaombani migomba ovyo. Zawadi yenyewe ndiyo inayoleta maradhi. Watafiti wa Arusha wanatafuta mshare utakaohimili, na miche safi ya maabara ipo. Mama mkubwa kanunua, imeota vizuri tu. Lakini kuhusu hiyo hana la kusimulia zaidi ya bei, na naona inamkera.

Jioni, akili zikiwa zimeshakutana, akajaribu bahati yake. "Mkwe, ukirudi nyumbani, nitumie mtoto mmoja wa hizo za kwenu. Nimpande upande wa zizi."

"Maharage nitakutumia debe zima. Mgomba hapana."

"Hata mmoja?"

"Hata jani, mkwe."

Mama mkubwa akanuna mpaka chai ikaisha. Kisha akauliza ni maharage ya aina gani.