Vidole vya Mpiga Solo

Kushuka kwenye ukumbi ule kulikuwa na ngazi 11, na joto lilizidi kwa kila ngazi. Huku juu ilikuwa Juni ya Mbeya, baridi ya kuvaa koti juu ya sweta na bado ukatia mikono kwapani. Kule chini watu walibanana na kutokwa jasho. Zamani chumba kilikuwa stoo ya saruji. Ukiegemea ukuta, mgongo ulitoka na vumbi la kijivu. Jukwaa lilikuwa mbao zilizofunikwa zulia kuukuu, na juu yake taa mbili, moja imepakwa rangi nyekundu, nyingine balbu tupu ya wati 100.

Ulikuwa mwaka 1999. Mchana nilikuwa mwanagenzi katika studio ya picha za paspoti jirani na soko la Mwanjelwa, lile la zamani lililokuja kuungua 2006. Kutwa nzima ninanyoosha kola za wateja na kuwaambia watulie, watazame mbele. Jumamosi ile nilikuwa na hamu ya kumpiga picha mtu asiyetulia. Nikachukua Zenit aliyoniachia mjomba, nikatia mkanda mmoja wa picha 36, nikatembea kutoka Ilomba kamera ikining'inia shingoni.

Hilo la kuining'iniza nje ya koti ndilo lililoniponza. Nilipofika chini, lenzi iliyopoa njia nzima ilikutana na pumzi za watu, ikaota ukungu. Nikaifuta kwa shati, ukarudi. Nikaifuta tena, ukarudi. Kioo kikiwa cha baridi hufuti kitu, unangoja kipate joto. Basi nikasimama pembeni ya spika, kamera nimeikumbatia tumboni, na kwa kuwa macho hayakuwa na kazi, nikasikiliza.

Bendi ilikuwa na watu sita: mwimbaji, solo, rithimu, besi, dramu na tumba. Walipiga nyimbo zao, wakachanganya na za Mbaraka Mwinshehe, ambaye alikuwa amefariki tangu 1979 lakini ukumbi mzima ulizijua kwa moyo. Mpiga solo alikuwa mzee wa makamo, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi. Hakuwatazama watu hata mara moja. Alikuwa akitazama vidole vyake.

Lenzi ilipong'aa nikamlenga yeye, nikafyatua flashi. Hakuacha kupiga, alinigeuzia tu mgongo mpaka wimbo ukaisha. Kisha akaja.

"Shikamoo mzee," nikawahi.

"Marahaba. Kijana, hiyo radi yako inanipofusha, na mimi nasoma vidole. Picha piga. Radi acha."

Nikaichomoa flashi, nikaitia mfukoni.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Zenit yangu, spidi yake ya chini kabisa ilikuwa 1/30 ya sekunde. Chini ya hapo ni B, yaani kamera inabaki wazi muda wote ulioshika kitufe, na B bila stendi ni kupoteza mkanda. Lenzi niliifungua yote, f/2, iingize mwanga wote inaoweza. Mkanda ulikuwa wa 400, ndiyo namba ya wepesi wake wa kunasa mwanga, nikaamua kuuhesabu kama 1600 na deni la mwanga nikalilipe kwenye dawa ya kusafishia. Viwiko nikavibana mbavuni, mgongo ukutani, pumzi nikaikata. Hata hivyo, kwa 1/30 mkono unaokung'uta nyuzi unatoka kama moshi. Nilihitaji mahali ambapo mwendo wenyewe unasimama.

Mahali hapo sikupaona kwa macho. Nilipasikia. Mwishoni mwa beti ya mwisho, kabla ya sebene, solo alikuwa anabana sauti moja na kuiacha ielee. Dramu inajikusanya, yeye anainua kidevu, vidole vimeganda kwenye shingo ya gitaa. Halafu wote wanaingia. Nikahesabu wimbo baada ya wimbo, na kila kidevu kilipoinuka nikabonyeza. Tangu usiku ule sijawahi kupiga picha ya bendi kabla ya kusikiliza wimbo mmoja hadi mwisho, kamera ikiwa chini.

Jumapili nikasafisha mkanda studioni. Dawa inataka nyuzijoto 20, na maji ya bomba ya Mbeya mwezi wa sita yanauma mifupa, kwa hiyo nilichanganya ya chupa ya chai, kipimajoto mkononi. Nikauacha kwenye dawa muda mrefu kuliko kawaida. Zikatoka picha zenye chembechembe nene kama mchanga wa mto. Kati ya 36, saba zilikuwa zinatazamika.

Jumatatu nikampelekea mzee pale Kabwe, alikokuwa anatengeneza redio mchana. Akazipitia taratibu. Ile aliyotokea uso mzima, safi, akaiweka kando. Akabaki na moja yenye giza, kofia inakaribia kumezwa na weusi, vidole vinne tu vinaonekana vizuri.

"Ndaga, mwanangu," akanishukuru kwa Kinyakyusa.

Akaiegemeza kwenye redio iliyofunguliwa. Akashika bisibisi kwa mkono wa kushoto kama shingo ya gitaa, vidole vikajipanga vilevile kama kwenye picha.

"Wimbo wa tatu huu. Hapa namngoja dramu."

Akainua kidevu, akaanza kuliimba lile sebene kwa mdomo, kuanzia palepale picha ilipomsimamisha.