Siku moja maishani mwangu: ujenzi kwenye kichochoro cha Mji Mkongwe

Saa kumi na moja alfajiri

Mzigo wa kwanza unaingia kabla sijanywa chai. Gari halipiti mtaani kwetu. Hata vespa mbili zikikutana, moja lazima irudi nyuma. Pikapu inaishia Darajani, na kuanzia hapo mchanga, mawe, mabomba ya jukwaa la kupandia mafundi na ndoo za chokaa vinakuja kwa mkokoteni.

Mkokoteni wetu tumeufunga magurudumu ya pikipiki yenye upepo. Ule wa kwanza ulikuwa wa ringi tupu, na chuma juu ya mawe ya kichochoro saa hizi, katikati ya kuta ndefu, ni kelele inayoingia kila chumba. Watu wanaswali, wengine wana watoto wachanga. Tukichelewa tukaleta mzigo saa moja, tunakutana na wanafunzi, wauza samaki na, baadaye kidogo, watalii na kamera zao. Kwa hiyo tunakuja mapema na tunakuja kimya.

Mimi ni msimamizi wa ukarabati wa nyumba ya ghorofa mbili hapa Mji Mkongwe, Unguja. Ni nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake zina unene wa nusu mita na zaidi, na dari zimebebwa na boriti za mikoko. Mji huu uliingia katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, kwa hiyo hatubadilishi hata dirisha bila kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji. Mafundi vijana wananiita Dada Inginia. Fundi mkuu, aliyeanza kazi hizi kabla mimi sijazaliwa, ananiita mwanangu, na mbele yake mimi ni mwanafunzi tu.

Saa kumi na mbili na nusu

Kabla ya mtu yeyote kupanda juu, nazungukia vioo. Kwenye kila ufa tunaoutilia shaka tumegandisha kipande chembamba cha kioo kwa plasta ya jasi, upande huu na upande huu wa ufa, na tarehe imeandikwa pembeni. Kioo hakinyumbuki. Ukuta ukisogea kidogo tu, kinakatika, na siku hiyo hakuna anayepanda mpaka tujue kwa nini.

Vioo vingine viko nyumba ya jirani, kwa sababu ukuta ni mmoja. Wakati wa kupanga kazi nilidhani kuingia ndani ya nyumba ya mtu kila asubuhi kutaleta ugomvi. Imekuwa kinyume.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Kizima. Nimekiangalia jana baada ya Isha na leo tena. Kile cha ngazini lakini sikioni vizuri, kaangalie mwenyewe."

Cha ngazini pia kizima. Bibi huyu ana jicho kuliko kifaa chochote nilichonacho. Mlango wake wa juu ulipoanza kukwaruza sakafu, alinipigia simu kabla ya chakula cha mchana. Tukaongeza nguzo mbili jioni ileile.

Kila aliye katika kazi hii hapa Unguja anaikumbuka 25 Desemba 2020. Sehemu ya Beit el Ajaib, jengo la mwaka 1883, iliporomoka wakati ukarabati unaendelea, na watu wawili wakapoteza maisha. Sina la kuongeza juu ya msiba ule, ila tangu hapo sijaona aibu kusimamisha kazi kwa ajili ya kipande cha kioo.

Ukuta wa matumbawe ni mzito lakini mawe yake ni madogo, yameshikana kwa chokaa laini. Kinachouzuia usiiname ni pamoja na zile boriti zinazouunganisha na ukuta wa pili. Ukiondoa boriti zote za ghorofa moja kwa pamoja, umeuacha ukuta mrefu peke yake. Sisi tunaondoa chache, tunaruka, tunaweka mpya, ndiyo tunarudi kwa zilizobaki. Na nguzo za chuma za kutegemeza lazima zifuatane ghorofa kwa ghorofa mpaka ardhini. Nimeona sehemu nguzo ya juu imesimamishwa kwenye dari ambayo yenyewe imeoza. Hapo hujategemeza kitu, umehamisha mzigo tu.

Saa moja

Kikao cha dakika kumi, wote wamesimama. Sihutubii. Kila mmoja anasema leo anafanya nini na nini kinaweza kumuumiza. Kibarua aliyeanza wiki hii anasema yeye anaogopa ngazi ya kamba. Vizuri, leo atabaki chini kwenye chekeche. Mtu anayesema anaogopa nina amani naye zaidi kuliko yule anayecheka.

Saa mbili

Kazi ya leo ni kubandua plasta ya saruji iliyopigwa ukutani miaka ya nyuma. Nia ilikuwa njema, lakini saruji huufunga ukuta. Unyevu na chumvi vinabaki ndani, na jiwe linageuka unga nyuma ya plasta inayoonekana nzima.

Hatutumii mashine ya kuvunjia. Ingemaliza kazi kwa siku chache, na mtikisiko wake ungemaliza na chokaa iliyoshika mawe, yetu na ya jirani. Ni tindo na nyundo, na kabla ya tindo maji. Tumenunua bomba la mgongoni, lile la kunyunyizia dawa shambani, jipya kabisa, halijawahi kuona dawa. Mmoja analoweka, mwingine anabandua. Vumbi la matumbawe linachokoza pumzi, lakini ninaloliogopa zaidi ni la mchanga uliomo kwenye ile saruji: lina silika, chembe zake ni ndogo hazionekani, na zikiingia mapafuni haziondoki. Barakoa ya hospitali, ile ya buluu, haizuii kitu hapa. Tunavaa zile nene zinazobana uso. Fundi mwenye ndevu nyingi tumempa kazi ya kuloweka, maana kwake haibani.

Nje, jukwaa limefunikwa kwa neti. Siku za kufua za majirani tunazijua, na siku hizo hatubandui.

Saa nne

Chai, chapati, mihogo. Ndiyo saa ninayokaa barazani kulitazama jukwaa letu kwa starehe, kwa sababu lilinitesa sana kulipanga.

Kichochoro hiki ndiyo barabara ya watu. Jukwaa la kawaida, lenye mabomba ya kukingama chini, lingeufunga mtaa. Tukakaa na sheha, kiongozi wa mtaa, na wazee, na swali la kwanza lililoulizwa halikuwa la kelele wala vumbi. Waliuliza: jeneza litapita? Hapo tukalipima upya. Chini tumeacha uwazi wa kupita watu wanne na jeneza begani, mabomba ya kukaza yamepandishwa juu ya uwazi huo, na juu yake kuna dari ya mbao zilizobanana na turubai, hata kokoto isipenye. Miguu ya jukwaa imevishwa sponji na rangi ya kung'aa mpaka usawa wa kichwa cha mtoto. Hatukutoboa ukuta kulishikiza. Mabomba yanapita madirishani na kubanwa ndani kwa mbao.

Limetumika kwa mazishi tayari. Tulishuka wote, tukavua kofia ngumu, tukaungana nao hatua chache.

Saa tano

Kifusi. Zamani kilikuwa kinatupwa dirishani huku mtu mmoja chini anapiga kelele "jiwe!". Sasa kinashuka kwa bomba la mapipa ya plastiki: yamekatwa matako, yamepachikana, yanashikiliwa na minyororo, na mdomo wa chini unaingia kwenye turubai lenye maji ndani ya uzio. Mapipa yalikuwa ya mafuta ya kupikia. Kwa pesa iliyotumika sijui kama kuna kitu kingine pale kilichotulipa vizuri hivyo.

Yule kibarua wa chekeche ndiye mwenye kazi kubwa hapo chini. Mawe mazima yanarudi ukutani, na kila jiwe linalorudi ni jiwe lisilochimbwa. Chokaa ya zamani inachekechwa. Punje zake tunachanganya na mchanga kwenye mota mpya, yaani udongo wa chokaa wa kushikia mawe. Boriti iliyoliwa ncha tu na mchwa inakatwa, ikawa ya juu ya mlango au ya rafu. Hili la boriti si dogo: upana wa vyumba vya nyumba hizi, kama mita tatu, uliwekwa na urefu wa mti wa mkoko, na mikoko mirefu na minyoofu leo haipatikani ovyo, wala haifai kukatwa ovyo. Saruji iliyobanduliwa ndiyo pekee inayotoka mtaani, kwa viroba, kwenye mkokoteni uleule unaorudi mtupu.

Saa sita na nusu

Adhana ya Adhuhuri. Vyombo chini. Msikiti uko nyumba chache kutoka hapa, na hatuanzi tena mpaka saa nane, kwa sababu mwezi huu jua la mchana juu ya ghorofa ya pili si la mchezo. Mtungi wa maji uko kila ghorofa, hakuna anayeshuka ngazi kwa ajili ya kiu.

Saa nane

Kupiga lipu ya chokaa, chumba cha nyuma. Chokaa mbichi hatuizimi hapa. Ikikutana na maji inachemka na kuruka, na uwanja wetu ni mdogo kuliko kitanda. Inazimwa shamba, inalazwa majini miezi, inaletwa ikiwa laini kama siagi kwenye ndoo zenye vifuniko. Hata hivyo inaunguza. Miwani ni lazima, na chupa za maji safi ya kuoshea macho zimetundikwa mlangoni, siyo kwenye sanduku lililofungwa ofisini. Ikiingia jichoni ni kuosha mfululizo, robo saa na zaidi, huku mwingine anatafuta gari la kwenda hospitali. Fundi mkuu hupaka mafuta ya nazi mikononi kama alivyofundishwa na mwalimu wake, kisha anavaa glavu kwa ajili ya kuniridhisha mimi.

Mwenye nyumba kapita. Ameuliza tena kwa nini tusitumie saruji tumalize. Nimemweleza tena: chokaa huchomwa kwa joto la kama nyuzi 900, saruji kama 1,450, na chokaa ikikauka huvuta tena hewani sehemu ya kaboni iliyotoka tanurini. Hakuonyesha kujali. Nikamwonyesha jiwe lililogeuka unga nyuma ya saruji ya zamani, likamwagikia kiganjani. Hapo alinyamaza. Lipu mpya tumeifunika magunia mabichi. Ikikauka haraka inapasuka.

Saa kumi na nusu

Kufagia kichochoro, kwa maji kidogo kwanza. Maji ya kuoshea ndoo yanabaki kwenye pipa yatuame, hayaendi mtaroni. Ngazi ya kwanza ya jukwaa inaondolewa na kufungiwa ndani, maana watoto wa madrasa wakitoka jioni hawana wanachokitamani kama kupanda.

Saa mbili usiku

Nyumbani. Ujumbe wa kila siku kwenye kundi la WhatsApp la majirani: kesho tunatoa boriti za chumba cha mbele, kutakuwa na kishindo kuanzia saa mbili.

Bibi wa ukuta wetu anajibu kwa sauti. Kesho kwake kuna hitima, wageni wanaanza kuingia saa tatu. Basi boriti zitasubiri. Kesho tutachekecha na kuendelea na lipu ya nyuma, kazi zisizo na kelele. Nimempigia fundi mkuu, kakubali kabla sijamaliza sentensi. Sasa nampigia wa mkokoteni, nguzo za ziada asizilete alfajiri, alete mchanga tu, na asiuache mlangoni kwa bibi.